Mzigo wa Bwana Hautuliwi Njiani

Jumamosi zangu zote za Beni, mashariki mwa Kongo, zilianza namna moja: kwa kuchekwa.

Nilikuwa nafundisha akina mama kusoma, kwenye chumba cha kanisa letu kule Mulekera, na kila nilipofungua kinywa alikuwapo mmoja wa kuniiga. "Kahindo anasemaka sawa redio," walisema, na darasa zima likaangua kicheko. Nilitoka Kyela, kusini mwa Tanzania, binti wa mkulima wa kakao, mmisionari wa kujitolea, mbichi kama hindi changa. Nilidhani Kiswahili changu ndicho kitakachonibeba. Kumbe ndicho kilichokuwa kichekesho cha mtaa.

Jina langu ni Atupele. Kahindo nilipewa na Mama Paluku, mjane, shemasi wa kanisa, aliyenipokea nyumbani kwake. Kwa Wanande, kabila lake, mtoto wa kike anayezaliwa baada ya wavulana huitwa Kahindo, na yeye alikuwa amezaa wavulana watupu. Siku niliyofika alinizunguka akiniangalia kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akawaambia majirani: "Mungu ananiletea mutoto mwanamuke, mukubwa tayari. Hata kunyonyesha, hapana!"

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama Paluku hakuisubiri ya tatu. Asubuhi tulifagia, tukasali, tukatwanga sombe, kisamvu cha kule. Mchana nilifundisha watoto nyimbo na kutembelea wagonjwa. Jioni alinifunza kubeba kuni mgongoni, uzito wote ukining'inia kwenye mkanda uliopita kipajini, kama wanawake wote wa kule. Shingo iliniuma mpaka nikalia. "Lia, mais tembea," aliniambia: lia, lakini tembea.

Naieleza sasa sikukuu ya mavuno ya kanisa lile, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka.

Katika kanisa lile, kila nyumba ilileta malimbuko ya shamba lake yenyewe. Unakata mazao, unapiga magoti palepale shambani, unayaombea, na kuanzia hapo mzigo si wako tena, ni wa Bwana. Mzigo wa Bwana hautuliwi njiani. Ukichoka unaegemea mti, ukiwa na kiu mwenzako anakunywesha. Utatuliwa mbele ya madhabahu, si kabla. Mwaka wangu wa kwanza niliwaona wakiingia, wanawake kwa wazee, migongo imepinda na nyuso zinang'aa jasho, na nikaona haya kwa sababu sisi kwetu tunaleta mchele kwenye mfuko wa plastiki na kurudi kukaa. Desturi ile niliipenda. Ninaowachukia ni walioitumia. Mmisionari hapaswi kusema anamchukia mtu, basi nimeshasema.

Mwaka wa pili hakuna aliyekwenda shambani. Mashamba ya watu wetu wengi yalikuwa upande wa Mbau, na upande wa Mbau watu walikuwa wanachinjwa na waasi. Sina neno laini zaidi. Familia zilizokimbia Eringeti zilikuwa zinalala katika chumba nilichofundishia watoto, mikeka imebanana hadi mlangoni. Akina mama wa kanisa wakawa wananunua maharage sokoni, wao waliozaliwa wakilima maharage, na walikuwa wanayanunua wakiwa wameinamisha macho.

Jumapili moja Pasta alisimama mimbarani akatangaza kwamba sikukuu ingefanyika kama kawaida. Wafadhili kutoka ng'ambo walikuwa njiani kuja, wangefikia mji wa Butembo kwanza, kisha waje kwetu kuona mavuno, na baada ya hapo kanisa lingepata paa jipya. Afisa mmoja wa kijeshi alikuwa amemhakikishia kwamba njia ya Mbau imesafishwa.

"Na hapana kuniletea bintu bya soko," alisema. "Mungu hapana kulaka bya soko. Kila mutu na shamba yake."

Mama mmoja wa Eringeti akasimama nyuma kabisa, mtoto mgongoni. Aisifuye mvua imemnyea, na huyu alikuwa ameloa.

"Pasta, ile njia, bale baasi ndio banaifungaka na kuifungula. Leo banaifungula. Kesho?"

"Mama, imani," Pasta akajibu. "Imani."

Wiki hiyohiyo wakimbizi wale waliombwa wahamishe mikeka yao nyuma ya jengo, ili wageni wasiikute.

Nilikwenda ofisini kwake. Nilimwambia kwamba maharage ya soko yameota katika ardhi ya Mungu yuleyule. Hakunikaripia. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio unaonichoma zaidi mpaka leo.

"Dada misioneri, wewe uko mugeni. Siku moja utarudia kwenu. Siye tutabakia na kanisa bila paa. Bageni batauliza shamba iko wapi, nitabajibu nini?"

"Uwajibu kuna vita."

"Vita banaiona mu televizio," alisema. "Banataka kuona mavuno."

Nyumbani nako niligonga mwamba. Mama Paluku alikuwa ananoa panga mlangoni. Yeye ni shemasi, alisema, na shemasi hutangulia. Akienda na kurudi salama, wengine watajua kama njia ni nzuri. Nikamuuliza, na asiporudi?

"Basi batajua pia," akasema, akacheka peke yake.

Nilimwambia naenda naye. Alikataa. Nikamwambia yeye ndiye aliyeniita Kahindo, na binti hamwachi mama yake aende shamba peke yake. Akanitupia kanga ya kufunga kiunoni.

Paluku, mwanawe wa kwanza, alikuwa dereva wa pikipiki. Alitubeba wawili asubuhi ya Jumatano, akapita kizuizi cha askari bila kuulizwa kitu, akatuacha penye kijia cha shamba, umbali wa kuita tu kutoka kizuizini. Alisema atatungoja hapo. Hakuzima hata injini mpaka mama yake alipomgombeza kwamba anachoma mafuta bure.

Majani yalikuwa yametufika kifuani. Kakao ilikuwa imeiva ikaozea mtini, maganda meusi yananing'inia, na mimi mtoto wa Kyela najua kazi ya miaka iliyoko nyuma ya kila ganda. Mama Paluku hakulia. Alitukana. Alitukana Kinande na Kiswahili, waasi, jeshi, wakubwa wa Kinshasa, magugu, kisha akaomba radhi kwa Mungu na kuanza kukata.

Tulipata mkungu mmoja wa ndizi, mihogo, na maganda machache ya kakao yaliyo mazima. Akavipanga katika kitunga kwa uangalifu wa mtu anayemvika mtoto nguo. Tukapiga magoti. Sala yake ilikuwa fupi. Kisha akauweka mkanda kipajini, nikamsaidia kuinuka, na mzigo ukawa wa Bwana.

Ndipo tuliposikia mtu anafyeka katika shamba la jirani.

Uso wa Mama Paluku ulichanua. "Kumbe babengine banarudia!" Kule, hupiti mtu yuko kazini bila kumsalimu, ni kama kumpita amelala barabarani. Akaita kwa sauti yake ya kanisani, salamu ya asubuhi ya Kinande:

"Wavukire!"

Ufyekaji ukakoma.

Tulingoja jibu. Halikuja.

Mama Paluku aligeuka kunitazama. Mnande haachi salamu bila jibu. Hata mgonjwa hujibu. Hata adui wa mpaka wa shamba hujibu.

"Kimbia," akasema.

Tulikimbia. Chini ya mikakao kuna majani makavu ya miaka mingi, hakuna namna ya kuyakanyaga kimya.

Nyuma yetu mengine yalianza kulia.

"Mama, tupa kitunga!"

"Hapana."

"Mama, kitupe!"

"Iko ya Bwana!"

Alikuwa anakimbia amepinda, mikono yote miwili imeshika mkanda, ndizi zinampiga kisogoni. Mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa namtangulia, nasimama, namngoja, namtangulia tena.

Risasi mbili.

Nilipogeuka alikuwa amepiga magoti. Mzigo ulikuwa bado mgongoni, mkanda bado kipajini, mikono bado imeushika. Alikuwa anatafuta namna ya kuinuka bila kuutua.

"Kahindo," aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ananituma chumvi. "Kimbia, mutoto yangu."

Nilikimbia.

Paluku alikuwa ameshasikia. Alinikuta penye kijia, akataka kuingia, nikamng'ang'ania shati mpaka likachanika, na tukavutana hadi kwa askari wa kizuizini. Tuliwaonyesha kwa kidole. Mmoja wao, kijana, alitaka kwenda. Mkubwa wake akamzuia, akasema wanangoja amri. Amri ilitoka jua lilipokuwa linashuka. Njia ilikuwa imesafishwa, si ndivyo tulivyohakikishiwa? Mtu anayesubiri amri ili avuke njia aliyoisafisha mwenyewe, mimi sijui nimwite nini.

Walimleta na kitunga chake. Waliomuua walikuwa wamechukua panga na viatu vya plastiki. Vya Bwana hawakuvigusa.

Tulimzika Ijumaa. Vijana wa mji walitangaza ville morte, mji ufe kwa kuwalilia waliokufa, kama wafanyavyo kila baada ya mauaji: maduka yakafungwa, pikipiki zikatoweka, matairi yakachomwa njia panda. Wageni wa ng'ambo walikwishafika Butembo. Waliposikia habari, wakageuza gari. Siwalaumu kwa kugeuza. Nauliza tu kwa nini kugeuza kulikuwa ruhusa yao peke yao.

Nilidhani sikukuu imekufa pia. Jumapili niliingia kanisani na Paluku, tumekaa benchi la nyuma, na mbele ya madhabahu nikakiona kitunga. Kimefutwa damu. Ndizi zimepangwa upya, ganda bora la kakao limewekwa juu. Kando yake kijana wa kwaya alikuwa ameinua simu ya Pasta anarekodi, ili wafadhili wasikose kuona.

"Mama huyu," Pasta alisema, na machozi yake yalikuwa ya kweli, nakiri, "anatufundisha kutoa. Hakuacha mzigo mupaka mwisho!"

Watu wakaitikia amina. Paluku alikuwa anaangalia sakafu.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka niko mbele, nachuchumaa kwa namna aliyonifunza, naweka mkanda kipajini. Mzigo ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Mtu alikimbia na hiki, niliwaza, mtu wa umri wa mama yangu.

"Dada," Pasta alisema taratibu, "ile ni ya Bwana."

"Ilikuwa ya Mama Paluku," nilisema. "Mngemwacha anunue sokoni, angekuwa amekaa pale." Nikaonyesha nafasi yake, benchi la mbele la mashemasi, ambapo hakuna aliyethubutu kukaa.

Nilitoka nao mlangoni, nikavuka uwanja, nikafika barabarani. Hapakuwa na pikipiki wala mtu, nyaya tu za matairi yaliyoungua. Katikati ya barabara, watu wa kanisa wote wakiniangalia kutoka mlangoni, niliinama nikautua mzigo chini.

Hakuna kilichotokea. Mbingu zilibaki pale zilipo.

Aliyekuja wa kwanza ni yule mama wa Eringeti. Alichukua mihogo, wenzake wakachukua ndizi, wakapika nyuma ya jengo walikofichwa, na chakula kikaenda nyumbani kwa Mama Paluku kwa watu waliokaa kilioni. Tulikula malimbuko. Paluku alikula pia, polepole, akiangalia kila tonge.

Baadaye nilikwenda naye Butembo kumwona dada mkubwa wa marehemu, bibi ambaye miguu haikuweza kumleta mazikoni. Alitaka kuelezwa yote, na tulimweleza yote. Kisha akauliza jambo moja.

"Na huyu Pasta, ni nani alimwambiaka kama Mungu hapana kulaka bya soko?"

Paluku akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa mmisionari, mimi ndiye niliyesomea. Bibi yule naye akanigeukia, akingoja.

Miaka imepita. Kanisa lile lina paa jipya, nimeambiwa, na jina la Mama Paluku limeandikwa ukutani pamoja na neno moja la sifa. Wale waliofyeka bila kujibu salamu hakuna aliyewauliza. Njia ya Mbau hufungwa na kufunguliwa kama zamani, na kila inapofunguliwa yupo mtu wa kutangaza kwamba imesafishwa. Paluku bado anaendesha pikipiki. Hunipigia simu Krismasi na kuniita dada, na hatuzungumzi kuhusu shamba.

Nimerudi Kyela, nina kakao yangu mwenyewe. Bado nasali. Hasira yangu naipeleka palepale ninapopeleka sala, na sijaambiwa niipeleke kwingine. Kila sikukuu ya mavuno naacha kakao yangu imeanikwa uani, napita sokoni, nanunua maharage, nayapeleka madhabahuni katika mfuko wa plastiki.

Mchungaji wetu wa sasa ni kijana mzuri. Mwaka jana aliniuliza, kwa utani, mkulima mzima kama mimi nakosa cha shambani kweli?

"Sikosi," nilimwambia. "Nimenunua sokoni. Tuone kama Mungu atakataa."

Njiani, kabla ya kufika kanisani, huwa nautua mfuko ule chini mara moja, hata kama sijachoka.