Mwandiko wa Asnath

Kwa miaka kumi na miwili, kila Januari, Asnath aliandika barua ya kudai serikalini kitu alichojua hakipo. Alikaa barazani kwenye kigoda, ubao wa kukatia mboga mapajani, karatasi ya mistari juu ya ubao, na mumewe Nikodemo, ambaye presha ya macho ilikuwa imemaliza kumpofusha, alimtajia maneno yale yale. Mimi niliyetajwa hapo juu naomba kurejeshewa mswada wangu wa riwaya, kurasa mia tatu na kumi na mbili, uliochukuliwa na maofisa wenu nilipokuwa kizuizini. Asnath aliandika bila kuruka neno, naye ana mwandiko mzuri, ule wa kulala kidogo upande waliofundishwa wasichana wa zamani. Akimaliza anakunja, anatia bahasha, anakwenda mjini kuiposti.

Angeweza kuitupa njiani, hakuna ambaye angejua. Hakuitupa hata moja. Katika mambo madogo Asnath ni mwaminifu kupita kiasi, na mimi nadhani mtu mwenye jambo moja kubwa la uongo ndivyo anavyokuwa.

Wakati Nikodemo anaona, barua hizo aliziandika mwenyewe. Majibu hayakuja enzi zile wala enzi hizi.

Watu wa Msalato waliozaliwa juzi wanamjua Nikodemo kama mzee kipofu mwenye shamba la zabibu, tena mkali. Hawajui kwamba aliwahi kuandika riwaya iliyosomwa mashuleni mpaka wazazi wakawapa watoto wao majina ya watu waliomo. Alikuwa mwalimu. Riwaya ya pili ilihusu watu waliopakiwa kwenye malori pamoja na mbuzi na vyungu vyao, wakapelekwa kwenye vijiji vipya, nyuma yao matembe yao yakibomolewa. Hakubuni makubwa. Aliandika mambo ambayo kila mtu hapa aliyaona kwa macho yake, na ndiyo maana kuna waliotaka yasiandikwe. Alisoma sura mbili mbele ya walimu wenzake, wakacheka, wakalia, na mmoja wao akaenda kusema. Ni nani, haijajulikana mpaka leo.

Wiki moja kabla maofisa hawajamchukua, fununu zilimfikia. Mswada ulikuwa mmoja tu, ameupiga kwa taipureta ya shule, maana mwaka ule karatasi ya kaboni haikupatikana hata kwa kubembeleza. Aliutia ndani ya debe la mafuta ya kupikia lenye mfuniko wa kubana, akaziba ukingo kwa nta ya mshumaa. Mwalimu Lameck, rafiki yake wa tangu kuchunga, alilifunga debe kwenye keria ya baiskeli na kuisukuma saa tatu nzima, Asnath akimfuata na mtoto mgongoni, mpaka kwa mama yake Asnath. Nikodemo alikuwa ametoa agizo moja tu: karatasi zisitolewe kwenye debe.

Walimchukua kwa Landrova saa nne asubuhi, chaki ikiwa bado mkononi. Hakupelekwa mahakamani. Alikaa ndani miaka saba, akihamishwa gereza hadi gereza, na barua zilizotoka zilikuwa nusu yake zimefutwa kwa wino mweusi.

Asnath alihamia kwa mama yake. Mwaka uliofuata mvua ilikataa kabisa. Kisima kilikauka, wanawake wakawa wanachimba mchanga wa mto tangu alfajiri na kungoja maji yajikusanye kidogo kidogo shimoni. Chungu kikubwa cha mama yake kilipasuka. Na Noeli, mtoto wake wa mwisho, alishikwa na kuhara mpaka utosi ukabonyea na machozi yakawa hayatoki tena anapolia. Nyumbani kulikuwa na chombo kimoja tu cha kubebea maji ya kutosha, nacho kilikuwa kimejaa karatasi.

Alibandua nta kwa kisu. Karatasi alizifunga ndani ya kanga mbili, akazisokomeza juu kwenye dari la tembe, kati ya boriti na nyasi, mahali pakavu kuliko pote. Debe lilileta maji miezi mitano, na Noeli akaishi. Mwaka wa pili, walipopanda kurekebisha udongo wa paa, Asnath alinyoosha mkono kuutoa mzigo wake, ukaja mwepesi. Ndani ya kanga mlikuwa na udongo wa mchwa. Alipepeta udongo ule kwa ungo kama anayepepeta uwele, akapata kipande kimoja cha karatasi, ukubwa wa kiganja. Akakitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Nikodemo aliporudi alikuwa amekonda mpaka mbwa wao hakumtambua. Kabla ya maji, kabla ya kuuliza yupi ni yupi kati ya wanawe waliorefuka, aliulizia debe. Asnath alimtazama shingo yake ilivyokuwa nyembamba, akaona akimwambia ukweli ataanguka palepale. Akasema walikuja wakapekua wakachukua. Kupekua walipekua kweli, mara moja, wakaondoka mikono mitupu. Alijiambia atamweleza akipata nguvu.

Hakufikiria hesabu ambayo mumewe angeipiga. Ukimtoa mama mkwe wake, waliojua debe lilipo walikuwa watatu, na mmoja alikuwa gerezani, na mwingine ni mke wake.

Siku ya tatu Lameck alikuja na jogoo mwekundu kumpongeza rafiki yake. Nikodemo hakutoka ndani. Alimtuma Asnath akamwambie arudi na jogoo wake. Lameck huyo ndiye aliyekuwa ameleta debe la uwele kila mavuno kwa miaka saba, aliyewafundisha watoto kusoma bila kuombwa. Alisimama uani, jogoo kwapani, akingoja aelezwe kosa lake. Asnath alilijua, akanyamaza.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, Lameck alimpita Nikodemo mlangoni mwa kanisa na kumwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa." Nikodemo alikaza uso. Lameck, ambaye hakujaliwa kununa, alikuwa akingoja kidogo kisha anajiitikia mwenyewe, "Mbukwa," na kuendelea na njia yake. Watu walicheka, wakazoea, wakaacha kucheka. Asnath pembeni alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikodemo hakuandika tena hata ukurasa. Alisema hawezi kuandika kitabu kingine ili nacho kiuzwe.

Nguvu alizipata mumewe, na siku ya kumweleza haikuja. Kila mwaka uliongeza uzito juu ya ule wa jana. Waulize wenye siri za namna hiyo, watakwambia ilivyo.

Alhamisi moja ya Oktoba mwaka juzi, asubuhi, mashine za uwanja mpya wa ndege zikiunguruma kule ng'ambo, alikuja Restuta, binti wa Lameck, kanga kiunoni na macho mekundu. Aliwaamkia wote wawili shikamoo, akakaa chini kwenye mkeka. Baba yake alikuwa amefariki alfajiri hospitalini, na maziko yalipangwa kesho yake mchana. Ila alikuwa ameacha neno. Alitaka wasifu wake wa kusomwa mazikoni uandikwe na Nikodemo.

"Alisema wengine wataandika tarehe tu, baba mkubwa," Restuta alieleza. "Akasema pia kwamba ukikataa, nisikulazimishe."

Nikodemo aligeuzia uso ukutani. Alisema aliyenunua kitabu chake ndiye amwandikie. Restuta hakubisha. Alimuaga Asnath, akaondoka akijifuta kwa ncha ya kanga, na Asnath akamsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye michongoma. Mgongo ule ulikuwa wa Lameck mtupu, Lameck na jogoo wake.

Alirudi ndani, akatoa kitabu cha nyimbo. Kama hatasema leo, kesho mtu yule atafukiwa akiwa msaliti, na hakutakuwa na Jumapili nyingine.

"Baba Noeli, Lameck hakukuuza."

"Nani kakwambia?"

"Sikuambiwa. Mimi ndiye niliyekipoteza kitabu. Hawakukichukua."

Akaeleza yote, kisima, chungu, utosi wa mtoto, kanga mbili, mchwa. Alieleza kwa kufuatana kama alivyokuwa ameyapanga kichwani miaka yote, na alipomaliza alishangaa kwamba yote yale yamechukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kisha akakiweka kile kipande kwenye kiganja cha mumewe.

Nikodemo alikipapasa. Taipureta ile ilikuwa na kasoro, nukta yake ilitoboa karatasi. Kidole chake kilipata tundu moja, kikapata la pili, kikafuata ukingo uliotafunwa mpaka mwisho, kikarudi.

"Siku ya jogoo," alisema, "alisimama uani muda gani?"

"Mpaka jua likawa la utosi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni. Nilikuwa namwona."

Asnath alingoja atukanwe, angeshukuru kutukanwa. Nikodemo alikuwa anakifumba na kukifumbua kiganja chenye karatasi.

"Debe ningelielewa," alisema. "Mtoto ana kiu, ningelielewa siku ileile."

Aliagiza karatasi.

Alimtajia mchana kutwa. Asnath alikuwa amezoea barua za Januari, maneno makavu ya kiofisi, na alikuwa amesahau kwamba mtu huyu ni mwandishi. Sasa alisikia sauti ile ya ujana wao, anasema sentensi, anaionja, anairudisha nyuma, anaitoa upya. Alitaja namna Lameck alivyofundisha hesabu kwa mbegu za ubuyu, na watoto wakazimaliza hesabu zao kwa kuzimung'unya kabla ya kengele. Alitaja baiskeli isiyo na breki, na namna mwenyewe alivyokuwa akiisimamisha kwa kuimba kwa sauti ili watu wapishe. Asnath alicheka bila kutaka, machozi yakadondokea karatasi, akayafuta kwa mkono wa gauni. Nikodemo hakucheka naye. Miaka yote ile alikuwa na haya yote ndani, akayafungia kwa sababu ya uongo wa Asnath.

Kuhusu kitabu alitaja sentensi tatu. Asnath aliandika, kisha akauliza mbona hakumtaja yeye.

"Watoto wako watakuwepo," alijibu.

Kesho yake walizika. Watu walikuwa wengi, wanafunzi wa zamani wa Lameck walitoka mpaka Kondoa, na Noeli naye alikuja kutoka Morogoro, mwanamume mnene wa miaka arobaini na moja. Kwa kuwa Nikodemo haoni, Asnath ndiye aliyesimama kusoma. Alisoma vizuri. Kwenye mbegu za ubuyu watu waliangua kicheko palepale msibani. Kisha akafika kwenye zile sentensi tatu.

"Nilimdhania ameniuza. Hakuniuza, kitabu changu kiliharibiwa na mchwa. Kwa miaka thelathini na minne nilimnyima salamu mtu asiye na kosa."

Baada ya hapo ilibaki mistari miwili ya kumwombea. Asnath aliikunja karatasi bila kuisoma. Alisema, kwa sauti isiyokuwa kubwa lakini kila mtu alisikia, kwamba mume wake hakujua, ila yeye alijua. Alijua siku zote kwamba Lameck hana kosa, na kila Jumapili alisimama pale akisikia salamu ile. Hakumtaja Noeli wala kiu yake. Mchungaji alikohoa. Restuta alikuwa amejifunika uso, na Asnath hakuthubutu kumtazama kwa muda mrefu.

Ulipofika wakati wa kutia udongo, Asnath alinyoosha mkono kumshika mumewe kiwiko, kama alivyomshika miaka kumi na miwili. Nikodemo alikitoa kiwiko taratibu, bila hasira. Akaita, "Restuta." Binti alikuja, akamshika, akamwongoza mpaka ukingoni, akamtilia udongo kiganjani.

Mzee aliinama pale muda mrefu mpaka walio nyuma yake wakaanza kutazamana. Halafu akafungua kiganja.

"Mbukwa, Lameck," alisema.

Akangoja. Watu wote wa Msalato waliokuwa pale walijua anachongoja, na hakuna aliyemwitikia. Mwishowe akajiitikia mwenyewe, "Mbukwa," na Restuta akamgeuza kumrudisha.

Walitembea kwenda nyumbani kwa njia ya mashambani, Restuta na mzee mbele, wakizungumza kidogo kidogo. Asnath aliwafuata nyuma amebeba kigoda na fimbo ya mumewe. Walipofika kwenye mawe, pale ambapo kila siku humwambia inua mguu, alifungua mdomo amwambie. Restuta alikuwa ameshamwambia.