Nenda Ukasomee Vifua vya Watoto

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu Konsolata, ni siku moja ya kumenya karanga za mbegu hapa nyumbani Kwihara. Mvua zilikuwa karibu. Mimi nilikuwa kijana, na mama yako alikuwa binti mwembamba mwenye aibu. Tulikuwa na mtoto mmoja tu, kaka yako Damiano, ambaye wewe hukumkuta. Alikuwa ameanza kutembea kwa kuyumba, na meno yake yalikuwa machache ya mbele.

Unaijua desturi yetu ya kumenya mbegu. Watu wanazunguka ungo, na mwenye shamba anataka waimbe mfululizo, kwa sababu anayeimba hatafuni. Shangazi yangu Monika ndiye aliyekuwa mwenye shamba, na ukinyamaza kidogo tu alikuuliza, "Wewe, huo mdomo umepatwa na nini?" Basi tuliimba. Damiano alipita katikati yetu akiokota punje zilizoanguka, na kwa kuwa yeye hakuwa mwimbaji, hakuna aliyemkataza. Kijana mmoja akaanza kuimba kwa sauti ya kike ili kutuchekesha. Mtoto akacheka sana, mdomo umejaa karanga, akapaliwa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mama yako akampiga mgongoni, akampa maji, mtoto akatulia. Baada ya muda mfupi alikuwa anakimbiza kuku. Shangazi akasema, "Haya, mbegu hazijimenyi," nasi tukaendelea kuimba.

Baadaye ndipo kikohozi kilipoanza. Tulimpeleka hospitali mjini kwa baiskeli, akapewa dawa ya kichomi, akapata nafuu. Kikarudi. Akapewa dawa nyingine, kikapungua, kikarudi tena na homa. Wakafikiri ni pumu, kisha wakafikiri ni kifua kikuu, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Walituuliza kama amechanjwa, kama kuna mtu anayekohoa nyumbani, kama tunapikia ndani. Tulijibu yote kwa kweli. Hawakuuliza kama mtoto alipata kupaliwa, na sisi hatukutaja, kwa maana kupaliwa hatukukuhesabu kuwa ugonjwa. Ni jambo la kila siku mezani.

Alikuwepo daktari mmoja, mtu mzima mwenye mvi. Alimpima Damiano kwa muda mrefu, akaweka kifaa chake mbele na nyuma, akarudia. Kisha akavua miwani akatuambia, "Upande wa kulia hewa haiingii vizuri. Kuna kitu kinazuia. Ni kitu gani, sijui. Siwezi kuona mpaka kule ndani, na sikufundishwa kufika huko."

Damiano alituacha asubuhi, mama yako akiwa amempakata na uji ukiwa bado wa moto kwenye kikombe.

Msibani watu walikuja na majibu, mwanangu. Kila aliyekaa mkekani alikuwa na lake. Mmoja alisema ni jicho la jirani, mwingine akasema ni watu wa upande wa mama. Mimi nikasikiliza, na kwa kuwa moyo ulikuwa unawaka, nikaona afadhali niende kwa mganga wa ramli nikamjue aliyefanya. Nilikuwa nimeshafika nje ya boma shangazi Monika aliponiita.

"Unakwenda wapi?"

"Natafuta kujua, shangazi."

"Kule hutajua. Kule utapewa jina la mtu, na utarudi nalo hapa, na tutakaa nalo miaka yote." Alinishika mkono. "Yule daktari alikwambia hajui. Katika wote waliosema juu ya mtoto huyu, huyo peke yake ndiye aliyekuheshimu. Rudi ukakae na mkeo."

Nikarudi nikakaa. Namshukuru shangazi mpaka leo, kwa sababu majirani zetu walibaki kuwa majirani zetu. Lakini kutojua kule hakukuondoka. Kulikaa nasi ndani ya nyumba. Ninyi mlipozaliwa mmoja baada ya mwingine, mama yako alikuwa akimaliza kuwaogesha anaweka sikio mgongoni na kutulia. Wewe ulidhani ni mchezo, ukawa unacheka na kusema anakutekenya. Alikuwa anasikiliza upande wa kulia.

Miaka ikapita. Wewe ukasoma, ukawa daktari, ukarudi ukasoma tena, ukawa bingwa wa watoto, tukakupata hapa karibu. Jumapili moja ulikuja baada ya misa, na tukiwa tunakula ukatusimulia habari za mtoto kutoka Puge. Ulisema alikuwa ametibiwa kichomi mara nyingi, kisha kifua kikuu, na haponi. Wewe ukamwuliza mama yake maswali ya mbali, mpaka akakumbuka kwamba mtoto alipata kupaliwa akiwa anacheka. Ukampeleka Dar es Salaam kwa daktari bingwa bobezi wa mapafu ya watoto. Akamlaza usingizi, akaingiza mrija mwembamba wenye kamera, akatoa nusu ya punje ya karanga. Mtoto yule sasa anacheza mpira.

Ulisimulia kwa furaha. Mama yako akaweka tonge chini.

"Alikohoa sana mara moja," akauliza, "halafu akanyamaza kama hana kitu?"

"Ndiyo, mama. Ndivyo inavyokuwa. Umejuaje?"

Mama yako alisema anakwenda kuongeza maji ya kunawa, na alikaa huko nje muda mrefu. Wewe ukamaliza kula ukarudi zamu. Leo nakueleza kwa nini alitoka.

Sina ushahidi, mwanangu. Huenda kaka yako alikuwa na ugonjwa mwingine kabisa, na sitaki kufanya kama wale wa msibani. Wakati ule pengine hata Dar es Salaam nzima hapakuwa na mtu wa kuingiza mrija ule. Lakini kesho yake, tukiwa shambani tunapalilia, mama yako alisimama akaegemea jembe akasema, "Kumbe wapo watu wanaosomea kufika kule ndani tu. Natamani angekuwepo mmoja hapa." Tangu siku ile mpaka alipofariki, nilimwona mtulivu, lakini mara nyingi akiwa na kaka yako machoni.

Sasa umechaguliwa kwenda kuusomea ubobezi huohuo. Miaka miwili, sehemu Dar es Salaam na sehemu nje ya nchi. Ulituambia mama yako angali hai, naye akakata kitenge kipya ukashonewe cha safari. Tulipomaliza arobaini yake ukaja ukaniambia umeamua kukataa.

"Baba, wodi imejaa. Nikiondoka nani atabaki nayo? Na wewe utapikiwa na nani?"

Rafiki yangu Mzee Juma, fundi baiskeli, alikuwepo, na unamjua hawezi kukaa bila kutania. Akasema, "Hivi daktari, mtoto ana mapafu mangapi?"

"Mawili, babu."

"Sasa miaka miwili yote ya nini? Pafu la kulia mwaka mzima, pafu la kushoto mwaka mzima? Na baiskeli ningesomea hivyo, tairi la mbele na la nyuma, ningekuwa bado chuoni."

Ulicheka, mara ya kwanza tangu tumzike mama yako. Kisha ukasema, "Basi babu ameniunga mkono. Siendi." Na mimi, nisikufiche, nilifurahi. Usiku ni mrefu katika nyumba hii. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo barabarani natega sikio nikidhani ni wewe. Bado natoa vikombe viwili asubuhi. Uliposema huendi, nilihisi kama mtu aliyefunikwa blanketi.

Nimekaa na furaha ile siku kadhaa, nikaona si yangu. Ningekuwa naichukua kutoka kwa mtu mwingine, mama mmoja huko Isikizya au Nzega aliyempakata mtoto asiyepumua vizuri na hajui kwa nini. Unayaona mwenyewe hayo. Umenieleza jinsi mtoto anavyopewa rufaa ya kwenda mbali, na wazazi wanavyokutazama, kisha wanamtazama mtoto aliye kwenye oksijeni, wanajua safari hiyo hataimaliza. Njia hii inayopita nyuma ya shamba letu watu wameifuata tangu enzi za misafara, kwenda pwani kufuata kisichopatikana huku. Wengi walikwenda wakiwa na mzazi anayewahitaji nyumbani.

Kwa hiyo nasema, mwanangu, na wengine mlio vijana mtakaosomewa barua hii mnisikie pia. Usikatae jambo jema ukamtaja mzazi wako kuwa sababu. Ni kumtwika mzigo ambao hakuuomba. Wodi ataishika mwenzako, kwa shida, lakini ataishika. Mimi napika ugali, Juma anasema ni mbichi, tunaula. Ukiwa huko jifunze bila haraka, hata vile vidogo vinavyochosha. Ukishaufikia ubobezi usiache kuwauliza akina mama yale maswali ya mbali, mtoto alikuwa anakula nini, alikuwa anacheka na nani. Na ukifika mahali ambapo hujui, sema hujui, kama yule mzee mwenye mvi. Neno lake lilituumiza, lakini halikutuharibu. Kisha rudi. Hilo tu ndilo ninalokuomba kwa ajili ya nafsi yangu. Na ukirudi uwafundishe wengine, ili usiwe peke yako.

Ukishuka kituoni Tabora siku hiyo, usianzie hapa nyumbani. Pita wodini kwanza. Kama nitakuwepo, nitangoja, na kama sitakuwepo, utanikuta pale tulipowalaza mama yako na kaka yako.

Mungu wa mababu zako akutangulie, binti yangu. Akupe mkono usiotetemeka na sikio linalosikia kilicho hafifu. Watoto utakaowagusa wapumue mpaka wazeeke, na mama zao wasikujue hata jina, wakuombee tu. Nenda kwa amani. Mimi baba yako nimekuruhusu.