Mafuvu Hamsini Yasiyo na Meno

Saa nne asubuhi, Eufrosina Tecuapetla anapiga patasi kama anayedai haki yake. Chini ya mkono wake zimelala karatasi laini hamsini za zambarau za kutengenezea bendera zenye mafuvu, zimebebana juu ya bamba la risasi. Pigo moja, matundu hamsini.

Ana miaka hamsini na minne, na zaidi ya nusu yake ameimalizia kwenye benchi hili, uani kwake San Ginés, jimboni Puebla, Meksiko. Rundo moja humpa peso mia nne. Ulimi ukitulia, hukata mawili kwa siku.

Ulimi hautulii. "Ukimnyamazisha huyu, na nyundo inagoma," anasema wifi yake, Rutila, anayegundisha karatasi kwenye kamba.

Mwaka huu hana nafasi ya kukosea. Kamati ya Siku ya Wafu, chini ya Mzee Abundio Xicale, imenunua bendera za plastiki kwa mitaa minane. Mvua haizitoboi, mzee alieleza kikaoni, na mwakani zitatundikwa tena. Eufrosina alikataa kuketi mpaka akapewa mtaa wa tisa, anakoishi. Sharti likawa hili: watu wasipoupenda, mwakani nao utavishwa plastiki.

"Wafu wetu wanakuja mara moja kwa mwaka," anasema. "Mgeni wa namna hiyo unamtandikia shuka la mwaka jana?"

Anacheka utani wake mwenyewe, na hapo hapo patasi inateleza. Katika kazi hii, kila umbo hushikwa na vijidaraja vyembamba vya karatasi. Kata kimoja, kilichoshikwa kinaanguka. Rundo linapoinuliwa, meno ya mafuvu yote yanamwagika sakafuni kama punje za mahindi.

Rutila anainama kutazama. "Wifi, umeng'oa ukoo mzima."

Karatasi zimekwisha, duka liko mwendo wa saa mbili na limefungwa kwa sikukuu, na maandamano ya Siku ya Wafu ni kesho mchana. Eufrosina anainua karatasi moja kwenye mwanga na kuikagua. Kisha anaamua: yatundikwe yalivyo.

Kesho yake mtaa umejaa maua ya manjano, na juu mafuvu hamsini yanacheka kwa ufizi mtupu. Watu wanatazamana, wanabana vicheko. Mji mzima unamjua mtu mmoja anayecheka hivyo, na ndiye huyu anayeongoza maandamano: Mzee Abundio.

Mzee anasimama. Anaangalia juu muda mrefu, mpaka wapiga tarumbeta wanashusha tarumbeta zao. Eufrosina amekunja aproni yake viganjani.

"Eufrosina," mzee anasema, "mimi bado ninayo mawili." Anaachama ili kila mtu ahakikishe. "Mwakani uyatie."

Mtaa unapasuka kwa kicheko. Eufrosina hacheki, amelisikia lile neno "mwakani" na haliachii. Anauliza mitaa mingapi.

"Mitatu," mzee ananung'unika. "Plastiki nimeshanunua. Siwezi kuitafuna."

Jumatatu, Eufrosina anapima uani mahali pa mabenchi mengine matatu. Kuanzia Januari atawafundisha majirani, wa kwanza akiwa Rutila, ambaye ameshajinunulia patasi bila kuulizwa.

"Tukifika mafundi wanne, mitaa yote tisa ni kazi ya wiki sita," anasema Eufrosina. "Mzee asiumie roho kwa plastiki yake. Banda lake la kuku linavuja."