Mkate wa Mama Mbele ya Uhamiaji

Mama yangu alipanda ndege safari moja tu maishani, kwenda Ulaya kwa dada yangu na kurudi, na nikimkumbuka namwona Kinshasa, kwenye foleni ya uhamiaji.

Kwa miaka mingi mtoto wa jicho alimfanya asione. Dada akamchukua, akapasuliwa, na bandeji zilipotoka alitaka kitu kimoja tu: arudi kijijini kwetu Bihambwe akamwone Papa, baba yetu, ambaye tuliambiwa kwa simu hali chakula tena. Mimi ndiye niliyetumwa kumrudisha.

Kinshasa ilibidi tugongewe mihuri, tuchukue mizigo, tupite forodha, kisha tuisajili upya kwa ndege ya Goma. Ikituacha, nyingine hatukujua ni lini. Nikamsihi Mama, leo usisalimie watu. Ni kama niliambia ukuta.

Kwetu Masisi anayetoka safari haingii kwa watu mikono mitupu. Huleta mkate wa watoto. Mama aliona kibanda cha kioo cha afisa wa uhamiaji ndio mlango wa nyumba. Kabla sijamshika mkono, alikwisha kumsukumia afisa mkate mzima juu ya pasipoti, akimuuliza watoto hawajambo. Kijana wa watu akashtuka: rushwa, tena hadharani! Akamwita mkubwa wake. Tukawekwa kando, foleni ikasonga bila sisi, nami nikachemka kama sufuria ya maharage.

Mkubwa alikuwa mwanamke wa makamo. Akauliza kwa Kifaransa mkate ni wa nini. Mama akajibu polepole, mimi nikitafsiri:

"Ni ya batoto yake. Mutu hawezi pita ku mulango ya bengine mikono wazi. Niko naenda kuona bwana yangu. Iko mugonjwa, na sasa njo macho yangu inaona."

Yule mwanamke akamrudishia Mama mkate, akagonga mihuri, akatupeleka mwenyewe hadi kwenye mizigo. Kaunta ya Goma tuliikuta inafungwa, tukapokelewa wa mwisho.

Barabara ya kutoka Goma hadi Masisi ilikuwa tope tupu, na Mama alinionyesha kila kilima kana kwamba mimi ndiye mgeni. Natamani niipande tena barabara ile, na tope lake, naye pembeni yangu.

Papa alikuwa hai. Mama akaketi kitandani, akamshika kidevu, akamtazama hadi sisi watoto tukaona haya.

"Papa," akasema, "kumbe ulikuwa unazeeka bila kuniambia."

"Nilikuwa nakungojea ujionee weye mwenyewe."

Alimngojea kweli. Wiki haikuisha, tukamzika.