Kapsuli za Uzi Mwekundu

Mke wangu alifundisha kilimo katika shule ya msingi karibu na Kanyangi, na mwanzoni mwa miaka ya tisini vidole vyake vilianza kumgomea. Asubuhi vilivimba vikakataa kukunjika, na darasani chaki ilimponyoka kabla hajamaliza ubao. Daktari wa Kitui alisema ni ugonjwa wa viungo, wa kukaa nao, akampa tembe. Alizimeza bila kukosa, lakini maumivu hayakuisha.

Kaka yake aliyekuwa akisoma ng'ambo akamtumia chupa za kapsuli za asidi amino. Mimi neno asidi nililijua kwenye betri ya gari tu, nikakataa katakata. Mke wangu akanieleza, kwa subira ya mwalimu wa darasa la nne, kwamba hivyo ni vipande vinavyojenga protini, vilevile vilivyomo kwenye maharagwe na mbaazi tunazokula kila siku. Nikamuuliza kwa nini basi asiongeze mbaazi. Akafungua chupa, akameza ya kwanza.

Baada ya mwezi mmoja alisimama kanisani wakati wa ushuhuda, akasema Mungu amemtumia dawa na mikono imepata nafuu. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Wiki hiyohiyo rafiki yake wa kwaya, mjane mwenye ugonjwa wa sukari, akaja nyumbani kuomba kapsuli chache. Katika mazungumzo akataja kwamba dawa za hospitali ameshaziacha, anangoja hizi. Mke wangu hakumaliza chai. Alitoka naye saa ileile hadi zahanati, akahakikisha amepewa dawa zake na kuzimeza. Aliporudi aliketi bila kuvua kitambaa cha kichwani, akaniambia amesimama mbele ya watu na kusema jambo asilolijua.

Shuleni, wanafunzi wake wakitaka kujua kama samadi inafaa, walipanda mistari miwili ya mbaazi, mmoja na samadi, mmoja bila. Sasa akaamua mistari hiyo miwili iwe yeye mwenyewe. Tembe za daktari angeendelea nazo. Kazi yangu ilikuwa kufungua nusu ya kapsuli zote, kumwaga poda iliyokuwamo na kuzijaza unga wa mahindi kwa kifuniko cha kalamu. Mkebe mmoja niliufunga uzi mwekundu, mwingine mweupe, na ni mimi tu niliyejua upi una dawa. Akaniagiza niandike siri hiyo kwenye karatasi, niitie kwenye bahasha. Yeye akaibandika, akatia sahihi juu ya kifuniko chake, akaiweka ndani ya Biblia yake. Nilikasirika. Miaka ishirini ya ndoa, na bado mtu ananifungia bahasha!

Kwa miezi minne alimeza za uzi huu wiki mbili, za uzi ule wiki mbili. Kila siku aliandika kwenye daftari ni mistari mingapi ya ubao aliyoimaliza kabla chaki haijamponyoka. Nilikuwa nikichungulia. Wiki za mwekundu mistari iliongezeka, naye alirudi nyumbani akiimba. Wiki za mweupe ilipungua kidogo. Niliumia sana, kwa maana nilijua kila mkebe una nini. Siku moja nikimtazama akichambua kunde na kuimba, nikaamua nitamdanganya. Ningesema mwekundu ndiyo dawa, aendelee na furaha yake. Ile bahasha ndiyo iliyonishinda.

Siku ya kuifungua alianza na daftari. Akajumlisha, akatabasamu. Kisha akaifungua, akasoma mara mbili.

"Mzee, kwa hivyo hizi wiki zote nzuri nilikuwa nakula ugali?"

Nikasema ndiyo. Alicheka mpaka akaketi, kisha akalia. Nilimsihi asiwaambie watu, nani angejua? Akaniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyeiba mtihani.

Jumapili akasimama.

"Mlinisikia hapa nikisema ile dawa imenisaidia," alisema. "Nimeipima. Zile wiki nilikuwa sawa zaidi, nilikuwa nakula unga ya mahindi. Mikono yangu bado inauma. Kama uko na dawa ya hospitali, usiache juu yangu."

Mchungaji alifungua kitabu cha nyimbo akasahau kutaja namba. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, na chini ya aibu yangu nilimwonea fahari kuliko siku nyingine yoyote.

Baada ya ibada tulipanga mstari nje kama kawaida yetu, kila mtu akimsalimia mwenzake kwa mkono. Tangu ule ushuhuda wa kwanza watu walikuwa wakimbana vidole kwa furaha, naye akivumilia na kutabasamu, kwa sababu alishasema amepata nafuu. Siku hiyo yule mjane alimfikia wa kwanza. Hakukigusa kiganja. Alimshika kwenye kifundo cha mkono, polepole, na aliyemfuata akafanya vivyo hivyo, na wote waliobaki. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikamshika palepale, nikaona haya kwamba muda wote huo sikuwahi kumuuliza ni wapi pasipomuuma.