Mashini ya Miguu

Kwetu hakuna aliyesema cherehani. Neno hilo nilikuja kulisikia nikiwa mtu mzima, kwa wachuuzi waliotoka mashariki, na siku ya kwanza nilicheka. Sisi tulisema mashini. Mtu akiwa na mashini, kila mmoja alijua ana nini nyumbani: meza ya mbao, kichwa cheusi cha chuma, gurudumu pembeni, na chini kile chuma kipana cha kukanyagia. Hapakuwa na mashini nyingine katika maisha yetu, kwa hiyo hatukuona haja ya kuongeza neno. Laiti tungeongeza. Neno moja tu, miguu, lingetosha, na mama yangu angekufa akiwa fundi.

Mama aliinunua kwa ng'ombe wake mwenyewe. Babu, kule Nyabiondo, alimpa mtamba siku alipoolewa, akamwambia huyu ni wako, si wa mumeo. Mama aliuza maziwa miaka mitatu, kisha akamuuza na ng'ombe. Ndugu za baba walikuja kutoka Itebero, mwendo wa siku nyingi msituni, kumwambia baba kwamba ameoa mwanamke asiye na akili. Baba akawaonyesha mashini. Wakakaa mbele yake wakaitazama, na waliporudi kwao kila mmoja alikuwa na kaptula mpya. Maneno ya akili hayakusikika tena.

Tulikaa katika kampi ya wafanyakazi wa shamba la pareto, juu ya mlima, si mbali sana na Lushebere. Baba alifanya kazi kwenye nyumba ya kukaushia maua. Mama alishona barazani: sare za watoto wa misioni, magauni ya ubatizo, suruali za makarani. Mimi nilikaa sakafuni karibu na miguu yake. Niliijua miguu ile kuliko uso wake. Mguu wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukafuata, na akiwa na hasira mashini ilikwenda mbio hata uzi ukakatika. Alikuwa na hasira za karibu, mama. Nimezirithi zote, na sioni haya kusema hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wenye shamba walitega maji ya mto wakaweka mtambo wa umeme kwa ajili ya karakana yao. Umeme ukabaki, wakaanza kuwauzia watu wa kampi. Nyumba za makarani zilizokuwa chini zilipata kwanza. Safu yetu ilikuwa juu, na ilijulikana kwamba nguzo hazitapanda kwetu, maana ni ghali.

Sasa, mwisho kabisa wa safu yetu, kupita nyumba yetu, alikaa mjomba. Alikuwa mdogo wake mama, tumbo moja, na alikuwa karani katika biro, ile ofisi ya shamba iliyouza umeme. Mama alimbeba mgongoni akiwa mtoto. Alipenda kutukumbusha, hasa mjomba akiwepo, kwamba huyu mdogo wake alimkojolea kikwembe, kitenge chake kipya cha kubebea, siku ya Pasaka. Mjomba alikuwa akivaa miwani ambayo nadhani hakuihitaji. Alikuwa amejenga nyumba nzuri kuliko zetu zote, lakini usiku iliangazwa na kibatari kama zetu, na jambo hilo lilimkera kuliko mvua.

Jumapili moja baada ya misa alikuja kwetu na karatasi. Mama alichinja kuku. Mjomba akala, akanawa, akafungua kalamu, akasema kuran, yaani umeme, itapanda kwenye safu yetu ikiwa watu watajiandikisha, na yeye ameamua kuanza na sisi kwa kuwa sisi ni wa damu. Akauliza vyumba vingapi. Viwili. Taa ngapi? Baba akasema mbili, kisha akanyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha. Ndipo mjomba akauliza, macho kwenye karatasi:

“Muko na mashini?”

“Tuko nayo,” baba akasema. Alisema kwa sauti ya kusikika nje.

Mama alicheka, akamuuliza mdogo wake kama suruali aliyovaa imeshonwa na kuku aliyekula. Mjomba naye akacheka. Akaandika. Baba alijua kuandika jina lake, na alitaka kila mtu ajue kwamba anajua, kwa hiyo alitia sahihi polepole, ulimi nje, na mimi nikaona fahari.

Umeme ulipofika, kampi nzima ya juu ilikuja kwetu kutazama. Nguzo zilipanda, zikapita mlangoni petu, zikaendelea hadi kwa mjomba zikaishia hapo. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikaa chini ya ile taa akiwaeleza watu wa Itebero waliokuwa kampini namna ya kuiwasha, na namna ya kuizima, kisha akaiwasha tena. Niliona furaha yake. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu nitamsema baadaye.

Karatasi ya kwanza ya malipo ilikuja mwisho wa mwezi. Nilikuwa darasa la nne, basi nilipewa niisome. Bei ilikuwa karibu nusu ya mshahara wa baba. Jirani yetu, mwenye taa mbili kama sisi, alilipa kiasi cha kununua chumvi na sabuni. Nilisoma mara tatu. Mbele ya jina la jirani, kwenye karatasi yake, palikuwa na neno la Kifaransa la mwanga. Mbele ya jina la baba palikuwa na maneno mawili ya Kifaransa ambayo sikufundishwa na masista. Neno la kwanza nilikisia ni la nguvu.

Baba alikwenda kwa mjomba. Akarudi ametulia. Mjomba alimwambia mwezi wa kwanza ndivyo ulivyo, ni gharama ya waya, tungoje.

Tukangoja, na tukabana. Mama alisema labda mashini ikikaa karibu na taa ya sebuleni inaivuta kuran bila sisi kujua, akaisogeza hadi pembe ya baraza. Akaacha kushona jua likishuka. Taa ya chumbani tuliitoa kabisa tukaifunga kwenye kitambaa. Taa ya sebuleni tuliwasha muda wa kula tu, tukala haraka haraka kama wezi. Karatasi ya pili ikaja, bei ileile, hata sumni haikupungua. Tukarudia kibatari. Karatasi ya tatu, bei ileile. Hatukujua kwamba katika mpango ule hawakupima chochote. Hapakuwa na mita. Ulilipa kwa kadiri ulivyoandikwa, uwashe usiwashe. Miezi miwili tulikaa gizani tukilipia mwanga, na mjomba alipita mlangoni petu kila jioni akienda nyumbani kwake, akatuona tumewasha kibatari, akatusalimu.

Aliyetufumbua macho alikuwa fundi wa nguzo, mtu wa kwao baba, Mukumu wa msituni mwenye mikono mirefu. Alikuja asubuhi moja na mviringo wa waya mnene begani. Alisema nyumba yetu imeandikwa nyumba ya nguvu, na nyumba ya nguvu lazima iwe na waya mnene, asije akalaumiwa moto ukizuka. Akaomba kuonyeshwa mota. Mama akasema hatuna kitu hicho. Akasema, mama, kwenye karatasi kuna mashini. Mama akamwonyesha. Yule bwana akainama, akatazama chini ya meza, akaona chuma cha kukanyagia na ndara za mama zimekaa juu yake. Akakaa hapohapo chini akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Alipoona mama hacheki, akaacha. Akamweleza kwa upole. Tarife, yaani bei za umeme, zilikuwa mbili: ya taa, na ya nguvu kwa wenye vinu na mashini za umeme. Mkubwa wa biro alikuwa amesema safu ya juu haipati nguzo mpaka apatikane angalau mtu mmoja wa nguvu, maana watu wa taa peke yao hawarudishi gharama. Miezi mingi hakupatikana. Kisha jina la baba likapatikana.

“Na ule wa nyumba ya mwisho iko ya nini?” mama akauliza.

“Ule iko ya taa, mama. Taa ine.”

Mama alivaa ndara zake, akanishika mkono, tukapanda kwa mjomba. Damu ilikuwa imenichemka, nikategemea atapiga kelele, kampi yote isikie. Hakupiga. Mjomba alikuwa sebuleni anakunywa chai, na taa yake ilikuwa inawaka mchana kweupe. Mama alibaki amesimama.

“Ulijua iko ya miguu.”

Mjomba akaivua miwani. “Nilijua, dada.”

“Sasa juu ya nini uliandika vile?”

“Nisingeandika vile, kuran haingepanda. Na nyinyi mulipata taa, dada. Munaona.”

Mjomba akaeleza mengine yote kwa sauti ya biro, na nitayafupisha. Hakuweza kusahihisha. Mkubwa akijua aliandika uongo, atafukuzwa siku hiyohiyo, na watoto wake watakula nini? Mama akitaka kwenda kwa mkubwa mwenyewe, aende, hawezi kumzuia. Lakini kuna njia nyepesi. Mashini itoke nyumbani, na yeye ataandika kwamba mashini imehama. Mwezi unaofuata tutakuwa watu wa taa. Ama tuurudishe umeme, nao wakate waya wetu. Nguzo, alisema, zikishasimama hakuna wa kuzing'oa.

Alikwisha kufikiria yote. Hilo ndilo lililoniuma, na bado linaniuma: siku ile alipokula kuku wetu, alikuwa amekwisha kufika mpaka mwisho.

Nilimwuliza mama njiani kwa nini tusiende biro, ni mbali gani. Alisema alimbeba mgongoni. Sikuelewa, nikamwambia kwamba mjomba ametubeba vibaya sisi. Akanifinya sikio.

Jioni ile tulikula na taa ikiwaka. Mama alimweleza baba yote, kisha akamwambia achague: taa ao mashini. Baba alichovya ugali kwenye mchuzi, hakuupeleka mdomoni. Alijua mashini ni ya nani na ilinunuliwa kwa nini. Aliitazama taa. Nje, watu wawili wa Itebero walikuwa wamekwisha kukaa barazani, wakimngoja amalize kula aje azungumze nao chini ya mwanga, kama siku zile za kwanza kuran ilipokuja. Baba akasema jambo hili ni la mama na ndugu yake, yeye hawezi kuingia kati ya watoto wa tumbo moja. Kwa mtu aliyeonyesha mashini ile mbele ya ndugu zake wote, lilikuwa jibu la woga, na naliita hivyo mpaka leo.

Mama akanigeukia mimi. Sikulitarajia hilo. Nilikuwa mtoto wa kukaa miguuni pake, niliyelala mchana kwa mlio wa ile mashini tangu sijaota meno.

“Na weye, mutoto wangu? Taa ao mashini?”

Mwaka ule nilikuwa na mtihani wa kuingia shule ya juu ya masista. Kibatari kilikuwa kikinitoa machozi, na madaftari yangu yalikuwa na madoa ya mafuta ambayo sista aliyashika kwa vidole viwili, akayainua wasichana wengine wayaone. Nilifikiri vidole vile. Sikufikiri kitu kingine.

“Taa,” nikasema.

Mama akaitikia kwa kichwa, akakusanya vyombo.

Siku ya tatu alikifungua kichwa cha mashini kutoka kwenye meza, akakifunga ndani ya kikwembe, akakibeba mgongoni kama mtoto mpaka Nyabiondo. Vijana wawili walifuata na meza. Aliiacha kwa bibi. Alisema atakuwa anakwenda kushona huko siku za soko, na mara chache alikwenda. Lakini mtu wa kampi hatapeleka suruali Nyabiondo wakati kuna fundi Lushebere, na nyumba ya bibi ilikuwa ya nyasi, ilivuja. Kufikia masika ya pili gurudumu lilikuwa limeshika kutu, haligeuki. Bibi akaitumia meza kuanikia maharage.

Karatasi ya mwezi uliofuata ilikuja na neno la mwanga, bei ya chumvi na sabuni. Niliisoma kwa sauti. Baba akasema ni vizuri. Mjomba aliendelea kuja Jumapili baada ya misa, na mama aliendelea kumpikia, ila hakuzungumza tena habari ya kikwembe na Pasaka. Suruali ya mjomba ilipochanika, mama alimtafutia fundi mwingine.

Mtihani niliufaulu. Kila jioni kabla ya siku ile, mama alikaa barazani akitia viraka kwa sindano ya mkono, mpaka macho yasione tena uzi. Ndani kulikuwa na taa, lakini hakuingia kushonea chini yake hata mara moja. Alikunja nguo, akaingia, akasimama nyuma yangu nikiwa nimefungua daftari, akauliza swali lilelile.

“Unaona muzuri?”

“Naona, mama,” nilimjibu, kila jioni, bila kugeuka.