Mbuni wa Baba na Nyuki Wake

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mungaa wakati maduka yameanza tena kujaa sukari na sabuni, gari hukuliona kwanza. Ulilisikia. Tuko kisimani tunanywesha ng'ombe, mmoja anainua mkono, wote kimya, kisha ubishi: hilo lori la pamba, hilo la misheni, hilo silensa imetoboka. Aliyekosea alichunga ndama wa wenzake mpaka jioni. Kijana wa leo atakuonyesha gari kwenye simu, akutajie na spidi yake, likipita nyuma yake halijui.

Ila kwa Mbuni hakuna aliyekosea. Mbuni alikuwa gari la baba yangu, mfuga nyuki. Biashara zilipofunguliwa, Sadiki, muuza magari wa Manyoni, alichukua landrova chakavu, akazinyanyua miguu, akazitia injini ya lori, akazipigia sakafu mbili, katikati likae tangi la akiba. Alitengeneza chache tu. Zilivyokimbia mchangani, watu wakaziita mbuni. Wa kwetu alikuwa wa kijani, honi yake kama fahali aliyekabwa.

Asali ilivuja kutoka kwenye madebe ikaingia kati ya zile sakafu, basi kila miti ikichanua, kundi la nyuki linahamia humo. Mama alilalamika mpaka akachoka. Baba alimjibu, "Hao wamekuja wenyewe, siwafukuzi. Wewe kaa mbele." Sisi tulipanda nyuma na shuka kichwani. Shuleni tulifika tumevimba nyuso, na bado tunaringa! Nani mwingine aliletwa shule na gari?

Aliyetuondolea Mbuni namtaja, sioni sababu ya kumficha. Ni Elia, baba yangu mdogo. Baba alianguka mtini akitundika mzinga, mguu ukavunjika, akampa Elia gari na asali ya majirani wote akauze ng'ambo ya mlima wa Sekenke. Elia akarudi kwa miguu, shati limechanika, analia: gari limeporomoka mlimani, limeungua na kila kitu. Baba akajikongoja mpaka huko kwa lifti za malori. Akarudi na neno moja: "Asali yote ile imwagike, asije hata nyuki mmoja? Pale hapajamwagika kitu."

Elia alipoona amebanwa akageuza maneno mbele ya watu. "Kaka ndiye aliyenituma niseme limeungua. Ameliuza yeye." Wakamwamini, maana yule alijua kulia. Baba akawa mwizi wa asali. Hakuna aliyemruhusu tena kutundika mizinga karibu na yake. Nasi watoto tuliimbiwa njiani, "Lamba vidole, mtoto wa mwizi!" Shule nikaiacha darasa la tano. Baba alizikwa na jina hilo.

Nikawa mtu mzima, muuza mafuta ya alizeti minadani, na kila dereva nikamuuliza habari za landrova yenye miguu mirefu. Walinicheka. "Mama, wenzio wanatafuta waume, wewe skrepa!" Nilizipata mbuni nyingine. Moja Kinampanda, imekuwa banda la kuku. Ya Itigi ilibaki kichwa tu. Niliinama nikanusa sakafu, nikaondoka.

Mpaka siku moja mnadani Kiomboi akaja mchimbaji kununua mafuta, jicho limefumba.

"Umepigwa?"

"Nyuki, mama. Gari la bosi pale Sekenke. Tunalifukiza moshi, tumelipaka rangi mpya, mwaka ukizunguka wanarudi."

Madumu yangu niliyaacha pale pale chini.

Gari lilikuwa jekundu, limebeba mawe ya dhahabu. Nikakwangua kwa ukucha. Kijani! Nililia kama mtoto. Mwenye gari, Mzee Shabani, akanishangaa. "Hili niliuziwa na Sadiki. Alikuwa amelinunua tena kwa jamaa anaitwa Elia, nilikuwepo. Na asali aliiuza hapa hapa mgodini, tulikula wiki nzima."

"Mwenzake alikuwepo?"

"Alikuwa peke yake. Alisema gari ni lake."

Sadiki alilitengeneza kwa mikono yake, alijua ni la nani, akanyamaza. Mzee Shabani nilimwachia ng'ombe wangu wa kulimia, akaniachia gari, nikamwomba kitu kimoja zaidi: aje Mungaa ayaseme hayo.

Tuliingia Jumapili, watu wanatoka ibadani. Kabla ya kona nikamwambia dereva apige honi. Wenzangu wa kisimani, leo wana mvi, niliwaona kwa mbali kupitia kwenye miti. Mmoja akainua mkono. Wote kimya. Kisha akapiga kelele: "Mbuni! Mbuni wa mfuga nyuki!"

Mzee Shabani akasema yote mbele yao. Elia alikuwa amesimama mlangoni na suti yake ya mzee wa kanisa. Nikamwendea, nikainama kama nilivyofundishwa. "Shikamoo, baba mdogo." Marahaba haijamtoka mpaka leo. Waliotuimbia njiani ndio waliolisukuma gari hadi nyumbani kwetu, maana lilizimika kwa uzee pale pale, na waliimba jina la baba.

Sasa limeegeshwa uani. Kisima kimekauka, tunafungulia bomba, na pikipiki zinapiga kelele moja zote, huna cha kubishania. Vijana huja kupiga picha na Mbuni, nyuki wakitoka wanakimbia wanaacha ndala, wanapiga mayowe nipulize dawa. Mimi nimekaa mbele, kwenye kiti cha mama.

Hao wamekuja wenyewe. Siwafukuzi.